Mwalimu Edelmira na Sentensi Yenye Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha, Mwalimu Edelmira Funes anastaafu tarehe 30 Novemba. Sisi tuliofanya naye kazi katika chuo chetu cha jioni hapa Puerto Cortés tunajua kwamba hata siku hiyo atachelewa kutoka. Hakosekani mtu wa kumshika mlangoni na swali.

Aliajiriwa kufundisha makarani kupiga taipu. Mwalimu wa Kiingereza alipohamia San Pedro Sula, darasa la wafanyakazi wa bandari likamwangukia yeye. Makuli, wapishi wa melini na madereva wa foklifti walikuwa na maneno ya Kiingereza tele. Kuyapanga ndiko kulikowashinda.

Mwalimu aliweka kitabu kando, akawasimamisha watu watatu mbele ya darasa: mmoja mtenda, wa pili tendo, wa tatu mtendwa. Don Fermín, dereva wa foklifti, alinuna.

"Mwalimu, mimi nina wajukuu, leo unanigeuza kitenzi?"

"Simama hapo hapo katikati, Don Fermín. Ukiondoka wewe, hawa wawili watabaki kutazamana tu."

Darasa liliangua kicheko, na somo likaingia.

Kihispania chetu humficha mtenda tumboni mwa kitenzi, wala hakuna anayelalamika. Kiingereza hakitaki hivyo: mtenda atajwe, tena atangulie. Hapo ndipo alipokwama Nereida Cálix. Alitaka kazi ya redio gatini, ya kuwaelekeza mabaharia wa kigeni, lakini kila mtihani alianguka kwa kosa lile lile. Alipoacha kuja darasani, Mwalimu alimfuata nyumbani, akamkuta jikoni anakaanga ndizi.

"Endelea na kazi yako," akamwambia. "Kila unalofanya, liseme kwa Kiingereza. Ukimsahau mtenda, nakula kipande."

Mama yake Nereida anasimulia kwamba sahani ya kwanza Mwalimu aliimaliza peke yake. Ya pili aliambulia vipande viwili vitatu. Ya tatu hakuonja kitu.

Nereida alifaulu, akapata kazi. Mwaka jana, meli moja ikishusha mabomba ya chuma, aliona kamba ya winchi inafumuka. Zamani angetamka neno la kukatika tu, na mabaharia wangebaki kuulizana ni nini kinachokatika. Safari hii alitoa sentensi nzima, kamba ikitangulia. Mwendesha winchi aliangalia kamba mara moja, akasimamisha mzigo, na waliokuwa chini wakatimua mbio. Mabomba yaliangukia sakafu tupu. Jioni ile kila mtu alirudi kwake.

Nereida alikuja chuoni moja kwa moja kutoka gatini, akaeleza yaliyotokea. Tulidhani Mwalimu atamsifu kwa sarufi yake. Alimkumbatia tu, akalia, na sisi walimu wenzake tukajikuta tunafuta macho pamoja nao.

Sasa Mwalimu anahamia mji wa Trujillo kwa wifi yake, Doña Basilia, Mgarifuna, mmoja wa wenyeji wa pwani yetu wenye asili ya Kiafrika, aliyekubali kumfundisha Kigarifuna, lugha ya kwao.

"Nitakuwa mwanafunzi msumbufu," Mwalimu alimwonya. "Nimezoea kuuliza mimi."

"Basi utakaa mbele, nikuone vizuri," wifi yake akamjibu.

Mwalimu Edelmira, asante kwa uvumilivu wako na kwa kutucheka bila kutudharau. Nenda salama, ulale mpaka jua lipande, na afya ikufuate kila uendako.