Taratibu wa Wodi ya Majeraha ya Moto

Ndugu, jamaa na marafiki, mama tuliyekuja kumsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu kati ya sita wa fundi cherehani na mkewe muuza mboga. Nyumba yao ya vyumba viwili ilipakana ukuta kwa ukuta na ya mkunga wa mtaa. Tangu ana miaka saba, marehemu alimbebea mkunga huyo mkoba, akasubiri mlangoni mpaka kichanga kilie, kisha akarudi mbio kutangaza, "Ni wa kike!" kana kwamba yeye ndiye aliyezalisha.

Alimaliza shule ya msingi mwaka 1975 na sekondari mwaka 1979. Januari 1981 aliingia chuo cha uuguzi na nia moja tu moyoni: wodi ya wazazi.

Mwaka wa tatu walipelekwa hospitali kwa mazoezi, naye akapangiwa huko huko alikokutaka, kwa miezi mitatu. Wiki ya nne, wodi ya majeraha ya moto ikapungukiwa na watu. "Nenda kawashike mkono, ni siku chache tu," mkufunzi alimwambia. Siku chache hizo ziliishia siku ya mwisho ya mazoezi. Kwenye kitabu chake cha mazoezi, ukurasa wa uzazi ulibaki na sahihi tisa. Wenzake walikuwa na ishirini na zaidi.

Mwaka 1984 aliitwa kwenye usaili hospitali tatu. Ule wa mwisho dada yake anaukumbuka neno kwa neno, kwa kuwa alikuwa ameketi kwenye benchi nje na mlango haukufungwa vizuri.

"Umezalisha wangapi?"

"Tisa."

"Binti, sisi tunachukua waliofanyia mazoezi hapa hapa. Hao tunawajua. Wewe tutakujuaje?"

Alikaa nyumbani miezi kumi na mmoja akipiga pasi nguo za wateja wa baba yake. Kila Jumamosi alifua sare yake ya uuguzi, ingawa hakuna aliyeivaa.

Kazi ilimjia kutoka kule asikokutegemea. Wakati wa mazoezi alimhudumia mwoka mikate aliyeunguzwa na tanuri, ambaye hakutaka mtu aguse bandeji zake. Marehemu alibandua kidogo, akamwambia "taratibu, taratibu," akangoja mgonjwa mwenyewe aseme "haya, endelea." Mwoka mikate ndiye aliyembandika jina la Taratibu, na msimamizi wa wodi hakulisahau. Nafasi ilipopatikana aliuliza, "Yule Taratibu yuko wapi? Niitieni." Akaanza kazi Jumatatu, tarehe 4 Februari 1985. Siku hiyo, kwa furaha, baba yake hakugusa cherehani. Yeye mwenyewe alifurahi, na tusidanganyane, alilia pia.

Alibaki wodi hiyo miaka thelathini na sita. Kila Desemba aliandika barua ya kuomba kuhamia wodi ya wazazi, na kila mara alijibiwa kwamba hakuna wa kuziba pengo lake. Saa ya chakula alizunguka kupitia ukumbi wa wazazi. Wenzake wakimwambia, "Dada, chakula kiko huku," aliwajibu, "Nanyoosha miguu."

Tarehe 19 Desemba 1987 alifunga ndoa na fundi umeme aliyekuja kutengeneza mashine ya kuchemshia vifaa. Kazi ya saa moja ilimchukua siku tatu. Mpaka leo baba yetu anashikilia kwamba mashine ilikuwa mbovu sana, na mpaka leo hakuna anayemwamini.

Kuanzia mwaka 1998 alisimamia wanafunzi wa mazoezi. Mwanafunzi akihamishwa kabla ya muda wake, marehemu alikichukua kitabu cha mtoto wa watu na kupanda nacho ofisini. "Alikaa kwa mkuu saa nzima bila kupandisha sauti," anasema mmoja wao, ambaye sasa ndiye msimamizi wa wodi ya wazazi. "Kesho yake nikarudishwa. Na kazi nikaipata pale pale."

Alistaafu mwaka 2021. Agosti 2022 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alipolazwa mara ya mwisho, chumba chake kilikuwa juu ya wodi ya wazazi, na aliomba dirisha lisifungwe. Baba alimuuliza, "Unajuta, mama watoto?"

"Sijuti. Wale walioungua walikuwa wangu. Ila nilitamani, na bado natamani."

Baba aliliacha dirisha wazi. Mama alifariki Alhamisi, tarehe 9 Mei 2024, saa nne asubuhi.

Ameacha mume, binti na mtoto wa kiume, wajukuu watatu, dada mmoja na kaka wawili. Ameacha pia wanafunzi wauguzi kumi na wanne walio mazoezini sasa chini ya wale aliowasimamia, waliosimama pale nyuma na sare zao. Wameomba ruhusa ya nusu siku tu, na saa nane wanatakiwa wodini. Tukichelewa, wapisheni njia watangulie.

Mungu ampokee mama yetu, naye apumzike kwa amani.