Mkanda wa Saa ya Mzee

Benchi la kijiweni limeegemea ukuta wa gereji ya Spana, upande mmoja una mguu na upande wa pili umewekewa matofali, na anayekaa upande wa matofali anajua mwenyewe namna ya kujibana asianguke. Wenye benchi lao ni watatu. Spana, fundi magari, anaamini hakuna uchafu duniani unaoshinda petroli. Profesa hajawahi kufundisha hata kasuku, lakini mpe mada yoyote na kikombe kimoja, halafu kaa ujionee. Na Birika, mama muuza kahawa, hapendi upuuzi, ila ndio unaomlisha. Asubuhi hiyo Kinyozi naye akaja. Duka hajafungua, macho mekundu, mkono kaukunja ngumi.

— Ngumi ya nani hiyo? Spana akamuuliza. Kama ni ugomvi, anza na Profesa, hana kazi.

Kinyozi akaifungua. Kulikuwa na saa nyeusi ya mkanda wa silikoni. Harufu ilitangulia maelezo. Birika akafunika vikombe vyake kwa kitambaa.

— Mungu wangu! Hiyo saa au soksi ya marehemu?

— Ya baba, akasema Kinyozi.

Hapo utani ukakatika kidogo, maana ile saa kila mtu pale aliijua. Baba yake Kinyozi alikuwa anapotewa na akili. Mvua za mwaka jana alitoka nyumbani, akatafutwa mtaa mzima, akakutwa ndani ya msingi wa nyumba inayojengwa, maji yamemfika kifuani, anaita ng'ombe waliouzwa kabla Kinyozi hajazaliwa. Baada ya balaa lile, dada yake Kinyozi akanunua saa inayosema mvaaji yuko wapi. Mzee akienda chooni, kidoti kwenye ramani kinakwenda chooni. Kinaonekana kwenye simu ya Kinyozi na kwenye simu ya mkewe, na tangu hapo nyumba ile ilianza tena kupata usingizi.

— Mkanda unamla, Kinyozi akaeleza. Chini yake ngozi imechubuka, inatoa maji. Jana kachukua kisu cha jikoni aukate, akajikata mwenyewe. Anauita pingu. Ananiuliza, mwanangu, nimefungwa kwa kosa gani?

Akaigeuza ile saa kiganjani.

— Asipoivaa atapotea. Na akipotea mara hii, sidhani kama nitamkuta hai. Nisaidieni niisafishe, nimrudishie kabla hajaamka. Nimemvua amelala, polepole kama mwizi. Hata mama watoto sijamwambia, yuko uani anaanza kufua.

— Umefika penyewe, akasema Spana, na kabla mtu hajamkataza alikuwa ameshaichomoa ile saa, amelowesha tambara petroli, anasugua.

— Spana, taratibu!

— Kaka, mimi nimesafisha injini iliyokaa mtoni. Mkanda ni nini?

Uchafu ulitoka, tusimsingizie mtu. Lakini mkanda nao ukaanza kuvimba. Ukawa laini, umelegea, na pini ikagoma kuingia kwenye tundu. Kinyozi akajaribu mara ya kwanza, akajaribu ya pili.

— Umeniua, Spana. Umeniua mchana kweupe.

— Acha kulia kama bibi harusi. Petroli inaruka. Ikisharuka mkanda unanywea. Subiri.

— Nisubiri mpaka lini?

— Kahawa moja.

Birika akamimina. Ndiyo biashara yake.

Profesa alikuwa amenyamaza muda mrefu kuliko kawaida yake, na hilo peke yake lilikuwa tishio. Akakohoa.

— Nyie mnasafisha kitu msichokijua. Silikoni ni kitu hai. Inapumua. Inakunywa jasho la mtu, na jasho la mzee huyu lina ule ugonjwa wa kusahau. Ndiyo maana linanuka hivyo. Ile ni kumbukumbu iliyooza.

— Profesa, tafadhali, akasema Kinyozi.

— Ichemshe kwenye birika la huyu mama, kumbukumbu itoke na mvuke.

— Thubutu! akafoka Birika. Sogeza mkono wako kwenye birika langu uone kama hutaondoka na malengelenge.

— Basi ifukiwe kwenye majivu ya moto.

— Au ipakwe grisi, akadakia Spana. Iteleze. Isimkwaruze tena.

— Grisi kwenye kidonda? akasema Profesa. Wewe una akili kweli?

Walibishana hivyo mpaka kikombe cha kwanza kikaisha, wa majivu anamcheka wa grisi na wa grisi anamwita mwenzake mchawi. Mwishowe Birika akachoka. Akainyakua saa, akachukua bakuli, akachanganya maji ya moto na ya baridi mpaka yakawa vuguvugu, akatia kipande cha sabuni ya kuogea na kuanza kupitisha mswaki laini kwenye kila tundu la mkanda.

— Hebu niambie, ulikuwa unaisafishaje?

— Nesi aliniambia hivyo hivyo. Sabuni isiyo kali, maji vuguvugu. Nafanya kila siku ninapomwogesha.

— Ukiwa umemvua?

Kinyozi akainamisha kichwa.

— Simvui. Nikimvua hakubali kuivaa tena. Naisugua ikiwa mkononi.

— Ah, mwanangu! Birika akaacha kusugua. Sabuni yote hiyo inabaki chini ya mkanda. Na maji. Na jasho. Umekaza, hakupiti hata hewa. Kinachomla baba yako siyo saa, ni usafi wako.

Maneno yale yalimchoma Kinyozi. Miezi yote hiyo alikuwa akimshika yule mzee mkono kwa nguvu, mzee anapiga kelele kuwa anaungua, na yeye anamwambia vumilia baba, nakusafisha. Akafunika uso kwa viganja. Spana, ambaye hajui kufariji mtu, akampigapiga mgongoni kama anayetafuta gari linagonga wapi.

— Hukujua, kaka.

— Alikuwa ananiambia. Kila siku alikuwa ananiambia inaunguza.

Birika akaisuuza saa kwa maji safi, akaifuta kwa kitambaa, akainusa, akampa Spana naye ainuse. Haikunuka. Kinyozi akainuka na kunyoosha mkono.

— Nipe niwahi.

— Uwahi wapi na huu unyevu? Ukimvisha hivi umerudi kule kule. Ikauke kabisa, mpaka ndani ya tundu. Halafu mvishe mkono wa pili, huo wenye kidonda upumzike, na uache nafasi ya kidole kupita chini ya mkanda.

Akaitundika kwenye msumari ukutani, upepo uipige. Kinyozi akaitazama, akatazama njia ya kwao, akaketi. Safari hii alitaka kufanya jambo sawasawa. Mzee huwa analala mpaka jua likolee, na mkewe yuko pale pale uani. Akapewa kahawa ya pili.

Basi Profesa akapata uwanja.

— Mimi nawaambia ukweli ambao hampendi kuusikia. Zile mashine za angani zinazoonyesha kidoti, mnadhani zinachukua mahali tu alipo? Zinamvuta mtu kidogo kidogo. Leo jina la mkewe, kesho jina la mwanawe. Zinampeleka huko juu.

— Alianza kusahau kabla ya kuwa na saa, Profesa, akasema Kinyozi.

— Kwa sababu ilikuwa njiani inakuja!

Spana akacheka mpaka kahawa ikampalia. Benchi likayumba, tofali likachomoka, Profesa akateleza na kutua chini kwa makalio huku kikombe kakinyanyua juu, hakijamwagika hata tone. Kinyozi naye akacheka. Hakukumbuka mara ya mwisho alicheka lini. Nyumbani kulikuwa na mlango wa kulinda, na maswali yale yale, na baba anayemtazama kama bawabu, na kukaa tu pale na watu wazima wanaojua jina lake kulimtuliza kama dawa. Aliona raha, na hakuona aibu kuiona. Akaomba kikombe cha tatu. Mkanda ulikuwa umenywea vizuri, lakini akasema uachwe kidogo tena.

Ndipo alipotokea mkewe. Alikuja taratibu, kanga imelowa tumboni, simu mkono mmoja na viatu vya mzee mkono wa pili.

— Shemeji! Spana akamkaribisha. Karibu kahawa.

— Asante, sikai. Nimemletea baba viatu. Akamgeukia mumewe, sauti ya kulaumu kidogo lakini haina hasira. Na wewe, unamtoaje mzee peku na kokoto zote hizi? Ungeniambia ningemvalisha.

Kinyozi alimtazama asielewe. Mkewe akachungulia ndani ya gereji, akachungulia nyuma ya gari lililoinuliwa kwenye jeki. Akarudi.

— Yuko wapi?

Profesa akaweka kikombe chini. Spana akatazama msumari ukutani. Mke wa Kinyozi akafuata macho yake mpaka kwenye saa, safi, inameremeta, mkanda wake unachezacheza na upepo.

— Si mko naye? akasema. Nilikuta kitanda kitupu. Nikaangalia simu, nikaona yuko hapa kijiweni. Nikasema afadhali, leo mwanawe kampeleka kuota jua.

— Ulikuta kitupu saa ngapi? akauliza Birika.

— Mwanzoni kabisa, sijatia hata nguo ya kwanza majini. Sauti ikaanza kumvunjika. Nimeshafua zote. Nimeshaanika.

Kinyozi alikuwa ameshainuka, kikombe kimeanguka. Alikimbia mpaka penye kona, pale barabara inapogawanyika njia tatu, moja ya sokoni, moja ya barabara kuu ya malori, moja ya kule kunakojengwa nyumba. Akasimama. Akaita baba, akaita tena kwa nguvu zaidi, na watu wasiomjua wakageuka kumtazama. Hakujua akimbilie wapi.