Irabu za Shangazi wa Dashibodi

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali, na upande wa kushoto tofali moja limepungua, kwa hiyo ukikaa kule lazima ukaze miguu usije ukamlalia mwenzio. Liko kwenye kona, kati ya kibanda cha kinyozi na meza ya fundi viatu, na mbele yake huegeshwa teksi moja kivulini. Mwenye amri pale ni muuza kahawa, Mama Birika. Huyo hana mchezo. Ukimaliza kikombe unakirudisha mwenyewe, ukileta matusi unaondoka nayo, na birika lile haliguswi na mkono mwingine hata kama nyumba inaungua. Lakini Jumapili hiyo, saa saba na nusu mchana, alikuwa anamimina huku macho yakiwa kwenye kikaratasi, na kahawa ilikuwa inakwenda inakotaka yenyewe.

— Mama, kikombe changu ni hiki au ni kiatu? — aliuliza kinyozi. — Maana kahawa yangu naiona kwenye kiatu.

Kinyozi huyu wanamwita Profesa. Hajawahi kumfundisha mtu kitu, ila hakuna jambo utakalolitaja asilijue, na akishasema analijua basi tena, wengine mmekwisha.

— Nyamaza nisome, — alisema Mama Birika. — Oba-chaaa-ni de-suuu.

— Hiyo ni dawa ya nini?

— Ni Kijapani, mjinga wewe! Nasema mimi ni bibi.

Habari yenyewe waliijua wote. Mtoto wa kiume wa Mama Birika alikwenda Japani kusomea mitambo, akapata kazi, akaoa hukohuko, na sasa ana binti wa miaka minne na nusu. Jumapili iliyopita walipiga simu ya video. Mama Birika alivaa gauni jipya, akasema salamu aliyoandikiwa. Mtoto akamtazama, akakunja uso, akakimbilia nyuma ya kochi. Alipoulizwa ana nini, akamwambia baba yake kwamba yule bibi anaongea vibaya, yeye hamtaki. Kijana alitafsiri huku anacheka, na Mama Birika naye alicheka, ila simu ilipokatika alikaa na birika mapajani mpaka likapoa. Ilimuuma sana. Mjukuu wa kwanza, damu yake mwenyewe, na anamkimbia kwa ajili ya mdomo! Leo saa nane wangepiga tena.

— Kwani mwanao anasema tatizo ni nini? — aliuliza Taratibu, dereva wa ile teksi, mtu anayeendesha utadhani amebeba mayai.

— Anasema maneno ni hayohayo, tatizo ni irabu. Sasa hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Wanazo tano, a, e, i, o, u. Si kama sisi? Nimezaliwa nazo! Nakosea wapi?

— Midomo, — Profesa alidaka. — Hasa kwenye "u". Wewe ukisema "u", midomo inatoka nje kumsalimia jirani. Kule watu ni wengi, treni zimejaa, kila mtu akitoa midomo itakuwaje? Kwa hiyo "u" yao inasemwa midomo ikiwa imekaa nyumbani.

— Nani kakwambia?

— Nimenyoa ndevu miaka ishirini. Mdomo naujua.

Akaingia kibandani, akatoka na kitana kipya, akakilaza juu ya midomo ya Mama Birika.

— Sema "u", na kisisogee.

— Uuu.

— Kimesogea.

— Uu.

— Kimesogea kidogo.

— Nitakitafuna hiki kitana chako!

— U, — ilisikika sauti kutoka meza ya fundi viatu.

Wote waligeuka. Alikuwa Gundi, fundi mwenyewe, ambaye huongea mara mbili kwa wiki, kwa sababu muda wote amebana misumari midomoni. Alikuwa ameisema "u" bila kusogeza chochote, ikatoka nyembamba, safi.

— Mnaona! — alipiga kelele Profesa. — Misumari! Nilikuwa naelekea hukohuko!

Mama Birika alijaribu tena, mara hii midomo ameituliza kama Gundi, na hata yeye akasikia kwamba hiyo ilikuwa "u" nyingine kabisa. Akafurahi, ila hakutaka Profesa aone.

— Mnahangaika bure, — alisema Taratibu. — Mjapani tunaye hapahapa.

— Nani?

— Si Shangazi!

Teksi ya Taratibu ilikuja ikiwa imeshatumika hukohuko Japani. Kila ukizungusha ufunguo, sauti ya mwanamke hutoka chini ya dashibodi na kusema sentensi moja, ileile, kwa adabu zote. Imesema hivyo kwa miaka kumi. Benchi zima linamwita Shangazi, kwa kuwa hakuna anayemjibu lakini hachoki kusema. Ikawa kweli kila mtu amesahau kuwa ni mtu wa kule! Mama Birika akapachika kikaratasi kwenye mkanda wa kiunoni, akaingia kiti cha mbele. Profesa akajibana nyuma. Taratibu akazungusha ufunguo.

— Kaado ga soonyuu sarete imasen, — alisema Shangazi.

— Maskini, — alisema Taratibu. — Kila siku ananitakia safari njema. Ndiyo maana sijawahi kugonga hata kuku.

— Hujagonga kuku kwa sababu kuku wanakupita, — alisema Profesa. — Hiyo siyo safari njema. Huyo ni mke wa mwenye gari wa kwanza. Mume ameuza gari bila kumwambia, na mwanamke ameacha ujumbe. Sikiliza hiyo "sarete". Hapo analia.

— Tangu lini mke akalia kwa adabu hivyo?

— Amelelewa!

— Hebu nipisheni! — alisema Mama Birika. — Sitaki maana, nataka irabu. Mwashe tena.

Shangazi akasema. Mama Birika akafuatisha: — Kado ga sonyuu sareeete imaseeeni.

— Bado, — alisema Taratibu, akitafuta namna ya kulisema vizuri. — Shangazi ni kama amenyooka. Wewe una milima.

— Ni matetemeko ya ardhi, — alisema Profesa kutoka nyuma.

— Yameingiaje hapa?

— Nchi yao inatikisika. Sasa ukitengeneza neno ambalo silabi moja imeegemea nyingine, likitikisika linaanguka lote. Kwa hiyo wazee wao walikaa kikao wakasema, kila silabi isimame kwa miguu yake.

— Kikao hicho ulikuwepo?

— Nilialikwa, — alisema Profesa, na hapo hata Mama Birika alicheka mpaka kiti kikatikisika.

Gundi alikuwa amesimama dirishani. Alitema misumari kiganjani, mmoja mmoja, jambo ambalo hulifanya akienda kula tu.

— Mama, huyu leo amesema kweli kwa bahati mbaya, — alisema. — Sisi tunavuta ile silabi ya pili kutoka mwisho. Kila neno. Ka-haaa-wa. Bi-riii-ka. Tumezoea, hatujisikii. Shangazi havuti hapo. Anagonga sawasawa, mwanzo mpaka mwisho, na akitaka kurefusha, anagonga mara mbili. Miaka kumi nagonga soli namsikiliza. Ngoja.

Akaleta nyundo na soli, akaiweka juu ya boneti.

— Dada, usikwaruze rangi, — alisema Taratibu kwa unyonge, na kwa kuwa Gundi ni mwanamke mwenye nyundo, hakuongeza.

Gundi akagonga huku akisema: ka, a, do. Mapigo matatu. So, o, nyu, u. Manne. I, ma, se, n. Manne pia, hata ile "n" ya mwisho ina pigo lake na haiongezewi kitu nyuma. Mama Birika akafuata nyundo. Mara ya kwanza akapotea, mara ya tano akashika, mara ya kumi Taratibu alizungusha ufunguo na Shangazi na Mama Birika wakasema pamoja, na hungejua nani yuko ndani ya dashibodi.

— Sasa neno lako, — alisema Gundi. — O, ba, a, cha, n.

— O-ba-a-cha-n, — alisema Mama Birika. — Obaachan.

— Na hiyo "desu", nimemsikia mwanao akiisema simuni, "u" yake iache mlangoni. Isiingie, isiondoke.

— Desu.

Profesa alivua kofia. Taratibu alisema betri ya gari inakufa sasa. Simu ikalia.

Waliiegemeza kwenye birika, wakajipanga nyuma ya Mama Birika kwenye benchi, Profesa upande wa tofali pungufu. Kijana alitokea anatabasamu. Nyuma yake lilionekana kochi, na juu ya kochi, nywele za mtu aliyejificha.

— Mama, yuko hapa, ila anaona haya. Mjaribu.

Mama Birika akafungua mdomo. Neno halikuwepo. Alivuta kikaratasi kutoka mkandani, kumbe jasho limekula wino wote. Akatazama zile nywele. Gundi, kwa kumwonea huruma, akaanza kugonga soli taratibu ili amkumbushe, na mdomo uliposikia nyundo ukashika njia uliyoizoea.

— Kaado ga soonyuu sarete imasen, — alisema Mama Birika.

Nywele zikapanda, likaja paji la uso, yakaja macho mawili.

— E?

— Kaado ga soonyuu sarete imasen, — alirudia, kwa adabu zote za Shangazi.

Mtoto akaangua kicheko. Akaruka kochi, akaja mbio, akaisogelea simu mpaka likabaki jicho moja na tundu la pua, akaanza kuongea mfululizo bila kupumua. Baba yake alikuwa amekaa chini anapangusa machozi.

— Mama, hiyo kakufundisha nani?

— Shangazi! Nimekosea?

— Hujakosea hata kidogo, umesema kama mtu wa redioni. Umemwambia kadi haijaingizwa.

— Kadi gani?

— Na yeye ndicho anachouliza. Kadi gani, bibi, na iko wapi?

Benchi zima lilimgeukia Taratibu.

— Kwa hiyo siyo safari njema? — aliuliza Taratibu.

Kijana akaeleza kwamba kule magari huwa na kadi ya kulipia barabara kuu, inaingizwa kwenye kijisanduku cheusi chini ya usukani, na kisipoiona ndicho kinachosema. Taratibu alikijua. Ndicho alichokuwa akitundikia kitambaa cha kufutia kioo.

— Miaka kumi anaomba kitu kidogo hivyo, — alisema, na ilionekana kabisa amesikitika. — Na mimi namjibu asante.

— Nilisema analalamika, — alisema Profesa.

— Ulisema ni mke wa mtu!

Mtoto alikuwa ametoweka. Akarudi na kipande cha karatasi nene, amekipaka rangi nyekundu na kukichorea gari lenye macho, akakisukuma kwenye kioo cha simu ili kiingie. Mama Birika akakinga kiganja chini ya simu, akapokea. Na pale, bila karatasi, bila nyundo, neno likaja lenyewe.

— Obaachan desu.

Mapigo yote yalikuwepo, na "u" ilikaa mlangoni.

— Obaachan, — alisema mtoto, kama kitu alichokijua siku zote. Kisha akauliza kitu kifupi: — Obaachan, itsu kuru no?

Mama Birika alizisikia irabu zote, moja moja, angeweza kuzirudia usingizini. Maana ndiyo hakuwa nayo. Akamtazama mwanawe, akaona ameacha kucheka.

— Anauliza utakuja lini kuchukua kadi yako.

Profesa aliangalia ndani ya kikombe kitupu. Taratibu akaanza kupangusa simu ambayo haikuwa na vumbi. Mama Birika machozi yalimtoka na hakuyaficha, maana yalikuwa ya raha. Wiki iliyopita huyu alikuwa hamtaki. Leo anamwekea kadi!

— Mwambie... hapana, usimwambie wewe, — alisema. — Nitumie hilo neno la "nitakuja". Kwa sauti, siyo kwa karatasi. Jumapili namwambia mwenyewe.

— Utakuja lini, Mama?

— Lini itajulikana. Kwanza nijue kulitamka.

Sauti iliingia dakika tano baada ya kuagana. Taratibu akafunga milango ya teksi ili Shangazi asiingilie, Profesa akatoa kitana, Gundi akashika nyundo. Mama Birika akaweka simu sikioni, akafumba macho. Mpita njia mmoja akasimama mbele yao.

— Mama, kahawa ipo?

— Ipo, baba. Jimiminie mwenyewe, — alisema Mama Birika. — Mimi niko darasani.