Mdogo Wangu na Stesheni Iliyofungwa

Mliokuja kutusitiri, asanteni, mimi ni dada yake, kusoma sikusoma, tarehe kanikaririsha mjukuu, mengine ni ya kichwani mwangu, na moja linanichoma, kwa hiyo nivumilieni.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, nyumba ya tatu ya wafanyakazi wa reli, tulikuwa wawili tu, baba yetu mkuu wa stesheni. Mwaka 1955 treni iligonga toroli la mafundi wa njia, mmoja akavunjika miguu, baba akafukuzwa, stesheni yenyewe ikafungwa, ndipo baba mdogo akaanza kusema kaka yake alikuwa amelewa, na neno hilo limetutenga na wanawe mpaka leo, hata harusi hatualikani.

Alisoma shule ya msingi 1959 hadi 1966, akawa karani wa bohari 1969 hadi 2006, akaoa 1976, wakapata watoto watatu, na tangu astaafu hakumaliza chai amekaa, mara yuko kwenye makabati ya reli anapekua, mara kwa madereva wazee, mara anapima jukwaa kwa kamba vichakani, anatafuta kama kweli baba alilewa, hadi wifi yangu akasema yeye ni mke mdogo, mke mkubwa ni stesheni. Miaka yote hiyo aliniuliza, nikamjibu nilikuwa mtoto, sikumbuki.

Februari 2019 figo zikamlaza, na tarehe 3 Juni nikashindwa kuvumilia, nikamwambia, enzi zile dereva wa treni alikuwa haondoki stesheni bila kupewa pete ya chuma, ndiyo ruhusa yake kwamba njia ni nyeupe, baba alikuwa nyuma anajaza taa mafuta, dereva akanyoosha mkono, na mimi, wa miaka kumi, nikampa, kama nilivyomwona baba akifanya kila siku, kumbe toroli bado liko njiani, na baba akawaambia wakubwa ni yeye aliyetoa. Hakunigombeza, aliuliza tu, mkono gani, dada, nikasema wa kushoto, wa kulia ulishika chakula cha baba, akaomba kalamu, akaandika kwenye daftari lake la uchunguzi. Tarehe 5 akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na manesi, majirani, na wenzake wa bohari, na ninyi wana wa baba mdogo mliokaa kule nyuma, asanteni kwa kuja, mzee wetu hakulewa, daftari liko mezani, lisomeni, na wa kulaumiwa ni mimi hapa. Mdogo wangu, tulia sasa, pumzika kwa amani.