Historia ya Marehemu Placidius Byarugaba, Mtoa Kutu wa Kayanga

Mchungaji, wazee wetu, ndugu na majirani mlioacha migomba yenu leo, mjane Joanitha ameomba maisha ya mumewe yasomwe yalivyokuwa, bila kupambwa.

Marehemu Placidius alizaliwa tarehe 9 Machi 1975 kijijini Kamuli, mtoto wa tatu wa Mzee Cassian na Mama Kokuhirwa, akamaliza darasa la saba hapo hapo mwaka 1990, kisha akajifunza uchomeleaji Bukoba.

Mwaka 1998 alifungua karakana Kayanga pamoja na mdogo wake Deodatus, wakibandua rangi kuukuu na kutu kwenye mageti, chasisi za malori na mashine za kumenyea kahawa, kwanza kwa msasa na brashi ya waya, kisha, kuanzia 2011, kwa kompresa iliyorusha mchanga mkavu hadi chuma kikang'aa. Aliposhauriwa kuulowesha mchanga ili vumbi litulie alikataa, akisema chuma kikilowa kinashika kutu tena kabla hujafungua kopo la rangi, na katika hilo hakukosea. Alikosea kwenye maziwa, kwani kila jioni yeye na Deodatus walikunywa lita moja moja wakiamini yanaosha kifua, na Joanitha, ambaye alifunga naye ndoa tarehe 16 Juni 2001 na kumzalia Vero na Dastan, alipouliza maziwa yanafikaje mapafuni, alijibiwa, "Mama Vero, wewe kamua tu, ya mafundi tuachie."

Alianza kukohoa mwaka 2021, akasingizia vumbi la barabara. Aprili 2024 alishindwa kupanda mlima wa shambani kwake, wengine wakanong'ona kuwa amelogwa, lakini makohozi yalipimwa mara tatu bila kuonekana kifua kikuu, na picha ya kifua ikaonyesha makovu ya vumbi la mchanga, ambayo daktari alisema wazi kuwa hayana dawa ya kuyafuta. Miezi mitano ya mwisho alilala ameketi, Joanitha kando yake akisikiliza kila pumzi, akihofu inayofuata haitakuja, na asubuhi ya tarehe 3 Februari 2025 haikuja.

Tangu siku hiyo Joanitha anasikiliza kifua kingine. Deodatus anakohoa nyuma ya turubai, na akiulizwa husema, "Shemeji, ni moshi wa kuni za msiba." Ameomba funguo za karakana mara mbili, kwa kuwa mashine ya kahawa kutoka Songambele inasubiri, na Joanitha amemnyima, ila anaogopa kwamba kufuli huvunjwa. Kwa hiyo anamwomba mbele yenu nyote, Jumatatu aende akapigwe picha ya kifua kabla hajagusa kompresa, nanyi mafundi wenzake mfuatane naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliotuambia ukweli, majirani kwa ndizi, kuni na mikesha, na mafundi waliobeba jeneza.

Placidius, Bwana akulaze kwa amani hapa shambani kwako, na kando yako pabaki shamba tu, pasichimbwe kaburi la pili.