Euphrasia Anselmi Tarimo, Mwalimu wa Wakunga (1960–2024)

Baba Paroko, ndugu, majirani na nyote mliofika kumsindikiza dada yetu, maneno haya yameandikwa na mdogo wa marehemu, Hillary, kwa kusaidiwa na binti wa marehemu, Agnesi. Yamo mambo ambayo kwa kawaida hayasomwi mbele ya jeneza. Agnesi ameruhusu yasomwe.

Marehemu Euphrasia alizaliwa tarehe 9 Machi 1960 katika kijiji cha Keni, Rombo, mkoani Kilimanjaro. Alikuwa mtoto wa kwanza kati ya watoto wawili wa mzee Anselmi Tarimo na mama Matilda, ambao wote wameshatangulia. Mwaka 1966 baba yetu alipata kazi ya kutunza ghala la mfanyabiashara wa jumla hapa Kariakoo, familia ikahamia Ilala. Hillary alizaliwa mwaka uliofuata, na yeye ndiye aliyekuwa mgonjwa wa kwanza wa dada yake.

Alianza darasa la kwanza Ilala mwaka 1968. Mwaka 1975 alikwenda sekondari ya bweni Moshi, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978. Alipokuwa akirudi likizo alichana shuka kuukuu, akamfunga mdogo wake bandeji mkono mzima, kuanzia vidoleni hadi begani. Mdogo wake akilalamika kwamba haumwi popote, alijibiwa, "Tulia. Mgonjwa hasemi hovyo." Mwaka 1979 alijiunga na mafunzo ya uuguzi, na mwaka 1983 alihitimu ukunga.

Januari 1984 alipangiwa zahanati moja ya kijijini wilayani Liwale, mkoani Lindi. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na hapakuwa na mkunga mwingine wa kumuuliza kitu. Mwezi Mei mwaka uliofuata alifika mama mmoja aitwaye Hajira, mimba ya nne. Mtoto alizaliwa salama saa saba mchana, akalia vizuri. Kisha damu ikaanza kutoka, na haikukoma. Darasani Euphrasia alisomeshwa habari ya damu hiyo, na mara moja aliwahi kuishuhudia kwa mbali, juu ya mabega ya wenzake. Alikimbilia daftari lake. Alipokuwa akifunua kurasa, Hajira alimwita, "Nesi, mbona nasikia baridi?" Saa tisa alasiri Hajira alifariki dunia.

Habari hii Euphrasia alimsimulia mdogo wake mara moja tu, miaka ishirini baadaye, katika duka la vitambaa la mdogo wake hapa Kariakoo. Alisema, "Jibu nilikuwa nalijua, Hillary. Mikono yangu ndiyo haikuwa inalijua."

Tarehe 24 Septemba 1988 alifunga ndoa na ndugu Liberati Shirima, aliyekuwa karani bandarini. Walikaa Mchafukoge, ghorofa ya tatu, katika nyumba ambayo marehemu hakuihama mpaka mwisho. Tarehe 3 Februari 1990 Mungu aliwajalia mtoto, Agnesi. Mwaka 1997 walitengana. Kuhusu hilo hatutasema zaidi ya alichosema marehemu mwenyewe, naye hakusema kitu. Ndugu Liberati alihamia Tanga, na tunamshukuru kwa kuwa hapa leo.

Baada ya kufanya kazi leba hapa mjini kwa miaka kadhaa, mwaka 2002 aliingia katika timu iliyokwenda vijijini kufundisha wauguzi, wakunga na wahudumu wa zahanati namna ya kuokoa mama anayevuja damu na mtoto anayezaliwa bila kupumua. Ndiyo kazi aliyoifanya hadi alipostaafu Machi 2020, na baada ya hapo akaendelea kwa kujitolea. Rufiji, Kilwa, Liwale, Kisarawe, Ulanga, kote huko alikwenda. Hakupenda kufundisha ubaoni. Alishona midoli ya kitambaa cha marekani iliyojazwa pamba, mizito kama mtoto wa kilo tatu, na mifuko ya uzazi ya kitambaa chekundu, ili kila mwanafunzi ashike, akosee, arudie. Mwanafunzi akianza kueleza, alimkatiza, "Usiniambie. Nionyeshe." Daftari lake lina majina 1,316 na namba zao za simu. Jumapili mchana, baada ya misa, alikaa dirishani akawapigia mmoja mmoja kuwauliza kama bado wanafanya mazoezi. Wengine hawakupokea. Aliweka alama ya penseli, akawajaribu tena Jumapili nyingine.

Jirani yake, Bi Maimuna, anasema miaka ya mwanzo alidhani Euphrasia ana wageni kila jioni, maana ukutani alisikia, "Vizuri mama, pumua, mtoto huyu hapa." Siku moja alipika sambusa za kuwatosha wageni hao, akagonga. Alimkuta yuko peke yake na mdoli mezani, anajiandaa kwa safari ya Kilwa. Wawili hao walikula sambusa ishirini na nne, na huo ndio ukawa mwanzo wa urafiki wao.

Mwaka 2011, siku ya Jumanne asubuhi, alikuwa dukani kwa mdogo wake Kariakoo akichagua kitambaa. Simu ikaita. Alikuwa Rajabu, mhudumu wa zahanati moja Rufiji, aliyemaliza mafunzo wiki tatu kabla.

"Mwalimu, mtoto hapumui! Nampa pumzi, haingii!"

"Nani yuko na wewe?"

"Bibi yake tu."

"Mpe bibi simu aishike karibu na sikio lako. Wewe rudisha mikono kwa mtoto. Kifua kinapanda?"

"Hakipandi!"

Nje, kipaza sauti cha duka la jirani kilikuwa kinatangaza mashuka. Uledi, muuzaji wetu, alitoka mbio akawaomba wazime. Wateja walisimama na vitambaa mikononi.

"Kichwa umekiinamisha, Rajabu. Kiinue kidogo tu, kama ananusa kitu. Kinyago kibane upya kwenye mdomo na pua. Minya mfuko wa hewa. Polepole. Kinapanda?"

"Kimepanda! Mwalimu, kimepanda!"

"Usishangilie. Minya tena. Hesabu na mimi."

Walihesabu pamoja, na duka zima likahesabu nao kimoyomoyo. Baadaye sauti nyembamba ikatoka ndani ya simu, na wanawake waliokuwa pale dukani wakapiga vigelegele. Euphrasia aliketi juu ya robota la vitenge, akaomba maji. Alipomaliza kunywa alisema, "Hillary, nikatie mita tatu za nyekundu." Kijana aliyezaliwa siku ile ana miaka kumi na mitatu. Rajabu yuko hapa leo.

Kazi hiyo ilikuwa na gharama yake, na wa kwanza kuibeba alikuwa Agnesi. Kwa sababu ya safari zile, akiwa na miaka kumi na miwili alipelekwa Tanga kwa baba yake. Mwaka 2016 Agnesi alipokaribia kujifungua, mama yake aliahidi kuwa naye. Alikuwa Liwale. Aliombwa abaki siku tatu zaidi kwa ajili ya wakunga wapya, siku tatu zikazaa nyingine. Alifika Tanga mtoto, Edina, ana siku kumi na moja. Agnesi alimpokea mlangoni, "Shikamoo mama. Mtoto keshaoga, amelala." Euphrasia alikaa siku mbili, akarudi Dar es Salaam. Kwa miaka saba baada ya hapo waliongea sikukuu kwa sikukuu.

Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kizazi. Hakumwambia mtu. Alikwenda kliniki peke yake, akakaa kwenye foleni na faili lake mapajani, akarudi na kupanda ngazi zake. Duka la mdogo wake liko mwendo wa dakika kumi kutoka mlangoni pake. Mdogo wake alijua yuko safarini, kwa kuwa siku zote alikuwa safarini, na hakupiga simu kuhakikisha. Mwezi Aprili mwaka huu Bi Maimuna alikuja dukani, hata hakusalimia.

"Kaka Hillary, unajua dada yako yuko wapi?"

"Si yuko Kilwa?"

"Yuko kitandani. Mimi ndiye ninayempandishia maji."

Hilo mdogo wake atabaki nalo, na anaona ni haki alisome mwenyewe mbele yenu.

Agnesi alifika kutoka Tanga tarehe 20 Aprili. Alimuuliza mama yake kwa nini hakumwambia. Euphrasia alijibu, "Ningekuitaje mimi, mwanangu? Wewe uliponiita sikuja." Agnesi alisema, "Ni kweli hukuja." Akafungua begi lake, akatundika nguo zake kabatini.

Hawakuwa watu wa kukumbatiana. Agnesi alimwogesha, akampikia uji, wakasikiliza redio. Alasiri moja Euphrasia alisema, "Nisimulie siku aliyozaliwa Edina. Anzia mwanzo." Agnesi alimsimulia yote, na mama yake akauliza maswali kama alivyokuwa akiwauliza wanafunzi: uchungu ulianza saa ngapi, mtoto alilia papo hapo, damu ilikuwaje. Mwisho akauliza, "Na nani alikuwa amekushika mkono?"

"Hakuna mtu, mama."

Euphrasia aligeukia ukutani. Kisha, bila kugeuka, alinyoosha mkono nyuma yake juu ya shuka, na Agnesi akaushika. Walikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Marehemu alifariki dunia nyumbani kwake Mchafukoge, Jumatano tarehe 12 Juni 2024, saa tatu na dakika arobaini asubuhi, akiwa na miaka sitini na minne. Agnesi na Bi Maimuna walikuwa pamoja naye.

Wazee wa ukoo wameuliza kwa nini hatumpeleki Rombo akalale karibu na wazazi wetu. Ni yeye aliyeomba azikwe Kinondoni. Alimwambia Agnesi, "Rombo niliondoka mdogo. Wataulizana huyu ni nani." Tunawaomba radhi wazee wetu. Tumetii.

Marehemu ameacha mtoto mmoja, Agnesi. Mjukuu mmoja, Edina. Na mdogo mmoja, Hillary. Mchapaji wa kijitabu hiki cha mazishi alitupigia kuuliza kama tumesahau majina, kwa kuwa ukurasa umebaki mtupu nusu nzima. Hatukusahau. Agnesi alimwambia auache hivyo hivyo.

Mungu aliyemwona katika kila njia aliyopita peke yake ampokee, ampe pa kukaa. Dada, pumzika kwa amani.