Namba Moja wa Mapanga

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi, pale Boca Honda, limeungwa kwa viti vitatu vilivyong'olewa uwanja wa zamani ulipobomolewa, ndiyo maana wanaolikalia hujiona wako mechini hata siku isiyo na mechi. Jumatatu hiyo mawingu yalikuwa yameshuka mpaka kwenye bomba la kiwanda cha sukari, bomba lisilotoa moshi huu mwaka wa tisa, na wazee watatu walikuwa na vikombe vyao vya kahawa, vidogo kama kifuniko cha chupa ya dawa. Kiwembe, mwenye kibanda, alikuwa na maneno mengi kuliko wateja. Daftari alikuwa ameandika matokeo ya kila mechi ya timu yao ya besiboli, Mapanga, kwa miaka thelathini na moja. Magoti, mdakaji wa zamani, alichuchumaa nyuma ya wapigaji misimu kumi na miwili mpaka magoti yakagoma. Klabu ilikuwa imewaomba orodha ya wachezaji kumi bora wa Mapanga tangu timu izaliwe, majina yaandikwe kwenye ukuta wa uwanja. Yocasta Peguero, mwanafunzi wa sheria, alikuwa amekaa ukingoni mwa benchi na karatasi ndani ya kitabu, akivizia mwanya wa kuingiza neno.

— Namba moja hakuna mjadala, alisema Daftari. Kisiki, Mungu amrehemu.

— Kisiki! Kiwembe aliitikia. Mtu akisimama na gongo lake hatikisiki, utadhani kaota mizizi. Haba na haba hujaza kibaba: yeye alipiga mpira mmoja tu, ukajaza behewa zima.

— Behewa gani tena?

— La miwa! Mpira ulivuka ukuta, ukavuka reli, ukatua kwenye behewa lililokuwa linakwenda kiwandani. Ukasagwa na miwa. Mwaka ule sukari yote ya Boca Honda ilikuwa na ladha ya ngozi. Muulize yeyote.

— Nimeuandika ule mpira, alisema Daftari kwa utulivu. Mahali pa umbali nimeweka mstari. Haujatua mpaka leo.

— Basi ndio huo uliopasua bomba, alisema Magoti. Kiwanda kikafa.

Walicheka kicheko kifupi cha watu waliotoka kuzika juzi. Kisiki alikuwa amefia ng'ambo mwezi uliopita, moyo ulimsimama akiwa anapanda ngazi, na alirudishwa kwenye jeneza la bati lenye bendera ya klabu juu yake. Mji mzima ulifunga maduka.

— Wajomba, alisema Yocasta. Kwenye hiyo orodha mmemwandika jina gani?

— Jina lake, binti. Eligio Peguero.

— Hilo ni jina la baba yangu.

Kiwembe alijimiminia kahawa ambayo hakuihitaji. Hakuna aliyeuliza ana maana gani, na hilo ndilo lililomchemsha Yocasta damu. Walijua. Mji mzima ulijua. Miaka karibu arobaini iliyopita, Kisiki aliitwa Tavito Rosado, ana miaka ishirini na miwili na mkono wa dhahabu, na wasaka vipaji wa ng'ambo hawataki mtu aliyepita kumi na saba. Jirani yake Eligio alikuwa na kumi na saba kamili. Dalali wa wachezaji akamwezekea bibi yake Eligio paa la mabati, akaondoka na cheti cha kuzaliwa. Tavito akaenda kucheza kwa jina hilo, na kila kipupwe alirudi kuichezea Mapanga nalo. Eligio alibaki kupima miwa kwenye mizani ya kiwanda, na baadaye akachukua kitambulisho kwa nakala ya cheti kilekile. Watu wawili, cheti kimoja. Mambo yalikwenda hivyo mpaka mmoja akafa.

— Alhamisi iliyopita baba alikwenda hospitali kusafishwa damu, alisema Yocasta. Figo zake hazifanyi kazi, mnajua. Wakaingiza kitambulisho kwenye kompyuta. Dada wa mapokezi akamwambia, "Mzee, huyu alishazikwa." Baba yuko mbele yake, amevimba miguu, anamwamkia! Wamemsafisha mara moja kwa huruma. Ijumaa hii inayokuja wamesema hapana.

— Lo, alisema Magoti.

— Mwanasheria anataka mashahidi saba wanaowajua wote wawili tangu ujana. Ninao watano. Leo saa sita anafunga ofisi, anakwenda mji mkuu wiki mbili. Nahitaji sahihi mbili. Mko watatu hapa.

Alifungua karatasi juu ya kitabu. Kwenye midahalo ya chuo alikuwa mtu wa kuogopwa. Alijua kwamba ukishaweka hoja mezani unanyamaza, umwache mpinzani ajikwae mwenyewe.

— Mimi nilikuja mji huu nimechelewa, Kiwembe alidakia upesi. Wakati huo Kisiki keshakuwa Kisiki.

— Ulimnyoa siku ya kuondoka, alisema Magoti.

— Nilinyoa kichwa, sikunyoa cheti! Halafu, binti, wahenga hawakukosea: ukiona vyaelea, vimeundwa. Cheti gani hakikuundwa na mtu? Ukianza kufukua, utafika wapi? Watasema Kisiki si Eligio, kwa hiyo hakuwahi kucheza. Kama hakucheza, hatukuchukua ubingwa. Wataubeba ubingwa, wataubeba na uwanja. Wakimaliza, watasema kumbe hata mji haupo, ni mashamba tu. Mficha uchi hazai, mwanangu. Sisi tumeshazaa, tuache tujifiche.

— Huo ndio utetezi wako, mjomba? Baba yangu afe ili kombe libaki kabatini?

— Sijasema afe!

— Hukuhitaji kusema. Kompyuta imeshasema.

Magoti alinyoosha mkono. Kushika kalamu kulimchukua muda, kwa sababu vidole vyake vilishavunjwa na mipira ya warushaji na kila kimoja kilielekea upande wake.

— Siku ya majaribio nilidaka nyuma yake, ana ndevu za siku tatu, alisema huku akiandika, cheti kinasema kumi na saba. Nikacheka. Sote tulicheka. Baba yako alikuwa amekaa jukwaani, anashangilia jina lake mwenyewe.

Sahihi ya sita. Yocasta aliisukuma karatasi mbele ya Daftari.

— Siwezi, mwanangu.

— Kwa nini, mzee?

— Fomu yake ya kwanza niliijaza mimi, kwa mwandiko wangu. Daftari thelathini na moja ziko kabatini, na misimu yake yote ni Peguero, Peguero. Nikitia sahihi hapa, nimeandika uongo maisha yangu yote.

— Mipira iliruka kweli, mzee. Mikimbio uliihesabu kweli. Hakuna tarakimu hata moja itakayofutika. Jina tu ndilo lilikuwa la kuazima.

Daftari aliitikia kwa kichwa, kama mtu anayesikiliza hesabu sahihi. Kisha akasema kwa sauti ya chini:

— Na mjane wake? Ana watoto watatu, wote Peguero. Posho ya klabu inakuja kwa jina hilo. Unataka kesho waamke wakiwa akina nani?

Usiku kucha Yocasta alikuwa ameandaa majibu ya kila pingamizi. Hilo hakuliandalia. Aliitazama karatasi, akaona majina sita na mstari mtupu.

— Sijui, alisema. Ninachojua ni baba yangu atakuwa nani Ijumaa.

Hapo ndipo pikipiki iliposimama mbele ya benchi. Mwanamume wa makamo, suruali imetapakaa rangi, ngazi imefungwa ubavuni, aliteremka akawaamkia wote.

— Samahani wazee. Mimi ni mchoraji, nimetoka mji mkuu kuandika ule ukuta. Klabu wamenipa majina, wakasema miaka ya kuzaliwa niulize kwa mzee mmoja anaitwa Daftari.

— Ni mimi.

— Afadhali. Huyu wa namba moja, Eligio Peguero. Alizaliwa mwaka gani?

Daftari, mtu anayeweza kukutajia nani aliangusha mpira wa mwisho wa msimu wa mwaka wowote, alifungua mdomo. Midomo ikapata umbo la tarakimu ya kwanza, ikaishia hapo. Kiwembe aliinamisha chupa ya kahawa juu ya kikombe, kikadondoka kitone kimoja. Yocasta alijishika magoti asije akaongea, kwa maana jibu lolote ambalo mzee yule angelitoa, uwe mwaka wa Kisiki au wa baba yake, lingekuwa ushahidi.

— Mjibu mgeni, Daftari, alisema Magoti.

Saa ya kanisani iligonga, tano na nusu. Mchoraji alitazama uso mmoja baada ya mwingine, akatabasamu kwa wasiwasi kama mtu aliyeingia matangani bila kuambiwa.

— Basi si kitu, alisema. Mvua inakuja, mimi naanza na namba mbili.

Akawasha pikipiki, akaelekea uwanjani na ngazi yake ikigongagonga.

— Namba mbili tulikubaliana nani? aliuliza Kiwembe, taratibu.

Daftari alifunua ukurasa. Sauti ikamrudia, mwanzo kwa kukwaruza, halafu ikanyooka.

— Ni Ramoncito, yule mrushaji wa mkono wa kushoto. Mechi mia moja na kumi na nne.

— Ramoncito? Acha zako! Yule alikuwa anarusha kama anamlisha kuku!

— Tarakimu hizi hapa, bwana, bishana nazo!

Yocasta alikunja karatasi yenye mstari mmoja mtupu, akasimama. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza kupiga bati la kibanda.

— Wapi sasa, mwanangu? aliuliza Magoti.

— Kwa yeyote aliyezeeka, alisema, akaanza kukimbia.